Ringi za Fundi Chapchap

Fundi Chapchap hakwenda kwenye jumba la makumbusho ya matetemeko kwa kupenda. Alikwenda kwa sababu bintiye alimwomba, na binti huyo akiomba kitu huwa haombi, anakuarifu tu kwa sauti ya upole. Shule ya chekechea anakofundisha ilikuwa inawapeleka watoto arobaini, kila kumi wawe na mtu mzima wa kuwachunga, na mzazi mmoja aliyeahidi kusindikiza alikuwa ameamka na homa. "Baba, wewe leo zege lako linakauka, huna kazi," bintiye alimwambia kwenye simu asubuhi. "Vaa shati safi uje."

Akavaa shati safi, akaenda.

Kabla hatujafika mbali ni vizuri umjue. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazi yake ni nondo: anazikata, anazikunja, anazifunga kwa waya, kisha wenzake wa zege wanakuja kumwaga. Ndani ya kila nguzo unayoiona imesimama kwa majivuno mahali fulani kuna nondo ndefu zilizosimama wima, na kuzizunguka nondo hizo kuna pete za mraba, moja juu ya nyingine kuanzia chini mpaka juu. Mafundi huziita ringi. Kila ringi ina ncha mbili zinazokutana kwenye kona moja, na ncha hizo hukunjwa kama ndoano ili zishike nondo ya kona. Fundi wa kawaida akikunja ringi mia moja kwa siku, jioni analalamika mgongo. Chapchap alikuwa akikunja mia mbili na bado ana pumzi ya kumtania mpishi. Jina lilitokana na hapo, na usidhani lilimkera. Alilivaa kama nishani.

Shule yenyewe nayo ilipita mikononi mwake. Jengo la ghorofa moja: chini ni ukumbi mpana usio na kuta za kati, umebebwa na nguzo nane, watoto wanakula humo, juu ni madarasa mawili na chumba cha kulala mchana. Nondo za nguzo zile nane alizifunga yeye, miaka tisa iliyopita, bintiye akiwa bado mwanafunzi. Kila alipopita pale barabarani alikuwa na kawaida ya kulitupia jicho na kusema moyoni, hilo langu.

Sasa, makumbusho. Watoto kumi aliokabidhiwa walimchosha kabla hata ya mlango. Akiwahesabu anapata kumi na mmoja, akirudia anapata tisa. Msichana mmoja mdogo mwenye mashavu ya kujaa alimshika kidole tangu getini na kukataa katakata kukiachia, huku akimuuliza maswali ambayo hata mkewe hajawahi kumuuliza. Kwa nini kucha zako nyeusi? Una meno mangapi? Tetemeko linakaa wapi likiwa halijaja?

"Linakaa chini," alimjibu.

"Linafanya nini huko?"

"Limelala."

Mwelekezaji alikuwa mwanamke kijana mwenye kizibao cha rangi ya machungwa na sauti ya mtu aliyeyasema maneno yale mara elfu lakini bado anayapenda. Aliwaingiza kwenye chumba chenye sakafu inayotikisika. Kilikuwa na meza, viti, rafu ya vyombo vya plastiki na taa inayoning'inia. Akawafundisha watoto: inama, jikinge, shikilia. Kisha akabonyeza kitufe, sakafu ikaanza kucheza, na watoto wakajitupa chini ya meza wakicheka mpaka wengine wakapaliwa. Chapchap naye aliinama, magoti yakalia, akashikilia mguu wa meza pamoja na watu wake kumi na kidole chake kimoja kisicho huru. Alicheka kweli. Aliona siku imekuwa nzuri kuliko alivyotarajia, na akaanza kuwaza chakula cha mchana.

Kilichofuata ni ukumbi wa majengo. Katikati, nyuma ya kamba, walikuwa wamesimamisha nguzo mbili za kweli zilizokatwa kutoka kwenye jengo moja lililoanguka upande mmoja na kubaki upande mwingine. Nguzo ya kwanza ilikuwa imepasuka tumbo. Zege lilikuwa limemwagika, nondo za wima zimejipinda kwa nje, na ringi zake zimeachama. Nguzo ya pili ilikuwa na nyufa lakini imesimama na umbo lake. Chapchap, kama fundi yeyote, hakuangalia maandishi. Aliangalia ncha za ringi, na aliziona kabla mwelekezaji hajafungua kinywa.

"Tazameni hapa," mwelekezaji alisema, akielekeza kwa kijiti. "Hizi pete ndizo zinazoibana nguzo isipasuke. Hii imekunjwa mara moja tu, ikaishia kwenye kona. Ncha imelala pembeni, karibu na ngozi ya nguzo. Ardhi ikitikisika, ngozi inadondoka, ncha inachomoka, pete inafunguka. Basi, nguzo haina kazi tena." Akahamia ya pili. "Hii waliikunja zaidi, wakaiingiza mpaka ndani kabisa, kwenye moyo wa nguzo. Haikufunguka. Watu waliokuwa upande huu wa jengo walitoka."

Hakusema waliokuwa upande ule mwingine walipatwa na nini. Watoto hawakuuliza. Lakini yule mwenye mashavu aliinua mkono wake wa pili.

"Nani aliikunja vibaya?"

"Jina lake hatulijui," mwelekezaji alisema. "Labda alikuwa na haraka."

Chapchap alirudisha macho kwenye zile ncha. Maana mimi na wewe tunaweza kuambiana ukweli sasa: siri ya ringi mia mbili kwa siku ilikuwa hiyo. Alikunja mara moja akaachia hapo. Kukunja zaidi na kuingiza ndoano ndani ni pigo la ziada kwa kila ncha, ncha mbili kwa kila ringi, na ukija kuivalisha kwenye nondo inakataa, inakuchubua vidole, inazuia fimbo ya kushindilia zege. Kazi ya bure, aliona. Aliyemfundisha kazi, msimamizi mmoja mwenye roho ngumu waliyemwita Mzee Kipimo, alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na fimbo mkononi, akigonga kila ndoano. "Ingiza ndani. Hiyo haijaingia. Toa, rudia." Vijana walimcheka kisirisiri. Chapchap ndiye aliyeongoza kucheka. Mzee Kipimo alipoacha kazi na kwenda kukaa kwa wanawe, wiki haikuisha kabla Chapchap hajaanza kukunja kwa njia ya mkato, na hakuna aliyekuja kugonga kitu.

Hakuwahi kujiona mwovu. Hakuiba nondo, hakupunguza saruji, hakumdanganya mtu. Aliona ameondoa usumbufu wa mzee mmoja, na watu wakampa jina la sifa kwa hilo.

Mzee Kipimo aliacha kazi mwaka uleule shule ilipojengwa.

Hapo ndipo roho ilipomruka. Je, mzee alikuwepo zilipofungwa nguzo za shule, au alikuwa ameshaondoka? Chapchap alisimama mbele ya ile nguzo iliyopasuka akichakura kichwa. Alimwona Mzee Kipimo juu ya ndoo yake, fimbo mkononi, nyuma yake ukuta wa mabati. Lakini mabati yale yalikuwa ya shule au ya zahanati waliyojenga kabla yake? Alikumbuka mvua. Ilinyesha shuleni, ndiyo, wakahamisha benchi la kukunjia chini ya turubai. Mzee alikuwepo chini ya turubai? Alimwona, kisha hakumwona. Kumbukumbu ilikuwa inampa anachokitaka na kumnyang'anya palepale.

"Babu, unanibana," yule mtoto alisema. Chapchap aliangalia, kweli, sasa yeye ndiye alikuwa ameushika mkono.

Kwenye basi la kurudi watoto waliimba njia nzima. Bintiye alikuja akakaa kando yake, chaki bado ziko mfukoni mwa gauni lake, akamtazama. "Baba, una nini? Umekuwa kimya. Ile sakafu imekutibua tumbo?"

"Watoto wakifika wanafanya nini?"

"Wanakula, kisha wanapanda kulala. Kama kila siku."

"Wanalala wangapi kule juu?"

"Wote. Baba, mbona jasho linakutoka?"

Alitaka kumwambia, akaghairi. Fikiria na wewe: binti huyu ndiye aliyekuwa akijisifu kwa walimu wenzake kuwa baba yake ndiye aliyeijenga shule, na mwalimu mkuu alimpa kazi, sehemu kubwa, kwa heshima ya baba huyohuyo. Angeanzia wapi? Akasema kichwa kinamgonga. Bintiye akampa maji ya chupa, akarudi kwa watoto wake. Chapchap alikunywa maji yote na kiu ikabaki palepale.

Walipofika walikula. Yeye alikaa ukumbini kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kidevuni, sahani mbele yake haijaguswa. Alizihesabu nguzo. Nane. Zilikuwa zimepakwa rangi ya njano, na mtu alikuwa amezichorea twiga na samaki. Kwa miaka tisa aliziona kama za kwake. Leo hakuweza kuziangalia kwa sekunde mbili mfululizo. Lori lilipita barabarani, vikombe vikagongana kidogo mezani, naye akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mpishi wa shule aliona akacheka. "Fundi, makumbusho yamekupata kweli."

Kisha watoto wakapanga mstari, wakaanza kupanda ngazi, mmoja mmoja, mkono kwenye bega la wa mbele. Alisikia miguu yao juu ya kichwa chake. Alisikia magodoro yakiburutwa. Halafu kukawa kimya, ule ukimya wa watoto arobaini waliochoka, na ukimya huo ndio uliomvunja.

Akainuka akamwita bintiye chini ya ngazi. "Mama," alimwambia, kwa maana huyu binti alibeba jina la mama yake mzazi na alimwita hivyo tangu utotoni, "zile nguzo mbili za kule. Uliziona?"

"Niliziona."

"Ile iliyopasuka. Mimi nakunja vile."

Bintiye hakuelewa mara moja. Alitabasamu nusu, akisubiri utani uishe, maana baba yake ni mtu wa utani. Alipoona uso haubadiliki, tabasamu likafutika.

"Unakunja vile wapi?"

"Kila mahali. Tangu Mzee Kipimo alipoondoka."

"Na hapa?"

"Hapa ndipo sikumbuki. Wallahi nimejaribu. Kama mzee alikuwepo, ziko salama, asingeniachia. Kama hakuwepo..." Akaigeukia nguzo iliyokuwa karibu. "Nataka kupasua kona ya nguzo moja nione. Kidogo tu, chini. Najua kona ipi, mimi ndoano zangu naziweka upande mmoja siku zote. Lakini sipigi nyundo hapa na watoto wakiwa juu."

Binti alitazama dari. Unaweza kusema mengi juu yake, mkali, mbishi, lakini akishikwa na jambo la kweli hapotezi dakika. "Mwambie mwalimu mkuu," alisema. "Mimi nawashusha."

"Hajakuruhusu."

"Nitasema tunarudia zoezi la makumbusho."

Mwalimu mkuu alikuwa ofisini anakula, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, mtu aliyejenga shule ile kwa kiinua mgongo chake chote baada ya kufundisha miaka thelathini na tatu. Chapchap alisimama mlangoni. Alijikaza kisabuni akasema yote, bila kupamba, na alipomaliza alikuwa ameupinda ukingo wa shati lake safi mpaka ukawa kamba.

Mwalimu mkuu aliweka kijiko chini. "Fundi, hili jengo limesimama miaka tisa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Limepimwa. Walikuja watu na karatasi zao, wakatia saini."

"Walikuja zege limeshamwagwa. Ndani hawakuona."

"Na wewe unataka kuja na nyundo kupiga nguzo ya shule yangu mchana kweupe, kwa sababu umeona nguzo ya watu makumbusho?"

"Nataka kujua, mwalimu. Nikikuta nzuri, naziba, napaka rangi, hutaona hata alama. Nitakuomba radhi nitaondoka."

"Na ukikuta mbaya?"

Juu, miguu ilianza tena, midogo, mingi, ya usingizi. Mwalimu mkuu aliinua kichwa akasikiliza watoto wakishuka ngazi na sauti ya binti ikisema tusisukumane, tunatoka mpaka uwanjani, tunakaa chini ya jua. Mwishowe alivua miwani. "Haya," alisema. "Moja tu."

Nyundo na tindo aliazima kwa mlinzi. Akachagua nguzo ya nyuma, karibu na stoo, ile ya samaki. Mwalimu mkuu alisimama kando, mikono kifuani. Chapchap alipiga magoti, akatafuta kona ya mkono wa kulia, akaanza. Plasta ilitoka kirahisi. Zege lilikuwa gumu, zege zuri kabisa, na kila alipopiga alijiambia Mzee alikuwepo, alikuwepo chini ya turubai, ndoo ilikuwa ya bluu. Mikono iliyozoea kazi miaka thelathini ilikosea shabaha, akajipiga kidole gumba. Hakusikia. Alikuwa anaomba kimoyomoyo asikute ncha yoyote. Maana ndoano nzuri inazama ndani, ukichimba kwa juu juu hapo utaona mgongo wa ringi tu. Mbaya ina mkia, na mkia unalala karibu na ngozi.

Tindo iligonga chuma.

Akasafisha vumbi kwa kidole. Mkia ulikuwa pale, umenyooka, umelala pembeni, urefu wa kidole. Akachimba juu yake kidogo, akaukuta mwingine. Kona ileile. Akachimba tena, ingawa alishajua, akaukuta wa tatu. Aliutambua mkunjo wake mwenyewe kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Basi Mzee Kipimo hakuwepo. Chini ya turubai alikuwepo Chapchap peke yake, na haraka yake.

Akabaki amepiga magoti. Aliona aibu, na nyuma ya aibu ilikuja hofu ambayo ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu miaka tisa, siku za shule zote hizo, watoto wamelala juu ya hiki.

"Fundi," mwalimu mkuu alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Niambie."

"Watoto wasipande tena, mwalimu. Wala wasikae humu chini. Hata leo hii."

Mama yule alitafuta kiti, akakaa kwenye kile kidogo, akaonekana ghafla amezeeka. Hakumtukana. Chapchap angependa atukanwe. Mwalimu aliuliza kama kuna namna ya kutengeneza, Chapchap akamwambia ipo, nguzo zinaweza kuvalishwa chuma na zege jipya kwa nje, lakini aje mhandisi aliyesomea, achore yeye, na hiyo ni kazi ya miezi. Alisema mikono yake ni bure, usiku na mchana, chini ya mtu mwingine wa kumkagua. Mwalimu mkuu alitikisa kichwa polepole, akiwaza mbali.

"Wazazi watanila mzima," alisema. "Labda tuseme tunapaka rangi. Tunafunga wiki moja, tunatafuta pa kuhamia, kisha tunawaeleza taratibu. Nikisema leo, kesho sina mtoto hata mmoja."

"Sema ni mimi."

"Fundi, ukisema ni wewe, nani atakuita tena kazini?"

Alijua. Alikuwa ameshaiona kesho yake tangu makumbusho, na keshokutwa yake. Jina ndicho kitu pekee alichokuwa nacho, hakusoma, hana cheti, kazi zote zilimjia kwa watu kuambizana. Alitamani kukubali ile ya rangi. Alitamani sana, nisikufiche. Lakini saa tisa na nusu ilikuwa imefika na wazazi walianza kuonekana getini, na aliona mmoja wao anaingia ndani kumfuata mwanawe, anapita chini ya ghorofa, anaegemea nguzo ya twiga kufunga kamba ya kiatu. Chapchap alijikuta anatembea.

"Mama, usiegemee hapo. Toka nje tafadhali. Tokeni wote, nina neno."

Walitoka, kwa kumshangaa zaidi kuliko kumtii. Walikuwa kumi na watano hivi, wakawa ishirini. Watoto walikuwa wameketi uwanjani kwa mistari, bintiye mbele yao na daftari la mahudhurio mkononi, macho yameiva lakini amesimama wima. Chapchap alisema jina lake la kitambulisho, jina ambalo wengi hawakuwahi kulisikia, kisha akasema na lile wanalolijua. Akawaeleza ringi ni nini. Akawaeleza alivyozikunja, na kwa nini. Akawaambia wakitaka kuona waende mmoja mmoja mpaka nguzo ya nyuma, wasikae. Baba mmoja alimwambia maneno makali mbele ya watoto, akayapokea yote. Mwanamke mwingine alimkumbatia mwanawe akaanza kulia bila sauti. Mwalimu mkuu alikuja akasimama ubavuni kwake.

Alidhani amemaliza. Akatamani kukaa chini palepale vumbini. Ndipo mama mmoja kijana, mwenye kitoto mgongoni na mkononi amemshika yule msichana wa mashavu, akasogea mbele. Hakuwa na hasira. Alikuwa na adabu kabisa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye uliyetufungia nondo mwaka juzi. Nyumba ya ghorofa nyuma ya kiwanda cha matofali. Hutanikumbuka, ulikuwa unaongea na mume wangu." Akamsogeza mtoto mgongoni kidogo. "Na sisi ulifanya hivyohivyo?"

Chapchap alimwangalia yule msichana, ambaye alikuwa anamwangalia yeye, akimtambua, tayari kunyoosha mkono kudai kidole.

"Hivyohivyo," alisema.

"Juu tunalala sisi. Chini yupo mama mkwe wangu, amepooza, hashuki kitandani bila watu wawili."

Nyuma yake mwanaume mwingine aliinua mkono. "Na duka letu, fundi? Lile la kona?" Mwingine akataja mtaa. Mwingine akasema nyumba ya dada yake, ya mwaka huu, rangi haijakauka. Kila mmoja aliongea taratibu, kama watu wanaopanga foleni, na kila jina la mtaa alilolisikia Chapchap alilijua, aliona benchi lake, aliona rundo la ringi zimepangwa vizuri, mia mbili, zimekamilika kabla ya jioni.

Aligeuka akamtafuta bintiye. Alikuwa ameshafungua ukurasa mtupu wa mwisho wa daftari la mahudhurio, kalamu mkononi, anamsubiri.

"Mwandike huyu kwanza," baba alisema. "Yule mgonjwa tutamtoa jioni hii. Natafuta mtu wa pili wa kumbeba."